Nilivyomtafuta Simiyu kwa Ndoto

Kabla ya kuondoka

Tangu nirudi Kitale mmekuwa mkiniuliza, wengine karakanani, wengine nje ya kanisa, kwa nini nilifunga kazi msimu ambao maziwa ni mengi na kila mwenye tangi la kupoza ananitafuta. Kila mmoja nimempa kipande. Leo naandika yote, mgawane.

Mnanijua. Mimi ni Wafula, mtoto wa mjane wa Naitiri, niliyekwenda Pune kule India na begi moja la kitambaa nikarudi na stashahada ya ufundi wa majokofu. Sikuwa na mjomba serikalini. Nyumba ya mawe, karakana na pikapu nimevipata kwa mikono hii. Hakuna mtambo wa kupoza maziwa kati ya Endebess na Kiminini ambao sijaufungua nikaufunga ukafanya kazi.

Ambacho wengi wenu hamkijui ni kwamba Pune nilijifunza jambo jingine. Mwenzangu wa chumbani alinifundisha kuhifadhi ndoto. Ukiamka, kabla hujamsalimia mtu na kabla mguu haujagusa sakafu, unaisema ndoto kwenye kinasa sauti. Na husemi "nimeona ng'ombe". Unaingia ndani ya ng'ombe na kusema "mimi ni ng'ombe, nimefungwa hapa, kamba inanikata". Baadaye unasikiliza na kutafsiri mwenyewe, bila mganga wala mhubiri. Nina sanduku lililojaa kaseti. Ndoto ya barafu iliyopasuka ndiyo iliyonitoa Nairobi nikaja kufungua karakana hapa, na matokeo mmeyaona.

Mdogo wangu Simiyu alikuwa amekodi shamba la vitunguu mlimani Elgon. Vita vya ardhi vilipowaka kule, simu yake ilinyamaza. Mkewe, Nekesa, alikuwa ameshateremka Naitiri kwa mama na mtoto wao mchanga. Simiyu alibaki ati avune kwanza. Miezi ikapita. Ndipo baba mdogo Wanyonyi, anayesimamia mambo ya familia tangu baba afariki, akanipigia.

"Jumamosi tunazika mgomba," alisema.

Kwetu mtu akipotea na mwili wake usipatikane, tunakata shina la mgomba, tunalivingirisha shuka na kulizika kama yeye. Hapo mama anaweza kumlilia, mjane ananyolewa nywele, na jina lake linaingia kwa wafu. Ukishafanya hivyo umefunga mlango. Hata mwenyewe akitokea wiki inayofuata, watu watamkimbia.

Nilimwambia asubiri, kwa kuwa asubuhi ileile nilikuwa nimemwota Simiyu na kuihifadhi ndoto kwenye kaseti. Alikuwa amesimama kwenye maji hadi kifuani, mzigo wa vitunguu kichwani, ananitazama.

"Majini?" baba mdogo akauliza. "Basi ameongea mwenyewe. Mtu akikujia amesimama majini anaomba kaburi."

"Hayo ni ya zamani, baba. Maji ni kuvuka. Amevuka mto Suam, yuko upande wa Uganda."

"Wewe na kaseti zako. Jumamosi. Ukimpata, mlete. Ukimkosa, leta mchele."

Kitale hadi Endebess

Niliondoka mvua ikinyesha. Barabara ya Endebess mnaijua inavyokuwa wakati huo: matrekta yameichimba, malori ya mahindi yamekwama kila upande, na madereva wamekaa chini ya turubai wakichoma mahindi ya mzigo wa wenyewe. Mmoja alinirushia gunzi lililobaki nusu, nikala nikiendesha. Pikapu yangu haikukwama hata mara moja. Niliwapita watu waliosomea udereva.

Endebess niliwakuta waliokimbia mlima wamejaa kwenye uwanja wa kanisa. Vibanda vya nailoni, moshi wa kuni mbichi, watoto wenye kikohozi. Wanawake walikuwa wakipika uji kwenye pipa lililokatwa. Nikatoa kinasa sauti changu nikae tayari, maana nilitaka kuhifadhi neno lolote litakalohusu ndoto yangu. Hilo ndilo lililonichelewesha.

Mwanamume mmoja aliyekuwa na kidonda kichwani alikiona. "Wewe ni wa redio?"

"Hapana. Namtafuta ndugu yangu."

"Si hiyo ni ya redio? Shika hapo. Sema Kiprono wa Chebus, alikuwa na shati la kijani. Mama yake yuko hapa Endebess."

Nilimweleza tena kwamba mimi ni fundi. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaita wengine. Walijipanga. Kila mmoja aliinama karibu na kinasa sauti, akataja jina, nguo na mahali mtu alipoonekana mwisho, kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Nikizima, anayefuata ananitazama mpaka niwashe. Kwa bahati upande wa pili wa kaseti ya ndoto ulikuwa mtupu. Waliongea mpaka upande huo ukaisha na betri zikafa, na hata baada ya kufa waliendelea kuongea. Sikuwaambia kwamba chombo kimezima.

Bibi mmoja aliyekuwa akikoroga uji alikuwa jirani ya Simiyu kule juu. Alimjua kwa vitunguu vyake.

"Huyo Mbukusu mrefu? Nilimwona siku nyumba zinaungua. Alikuwa anateremka upande wa mto na mzigo kichwani."

Nilimsogelea. "Mzigo kichwani. Upande wa mto. Mama, nimemwona hivyohivyo kwenye ndoto."

Aliacha kukoroga. "Unatafuta mtu kwa ndoto?"

"Nina njia yangu."

"Sisi tunatafuta kwa miguu," alisema, akanipa kikombe cha uji. Haukuwa na sukari. Niliunywa wote.

Niliendelea hadi Suam mpakani nikawauliza wabeba mizigo na wauza ndizi wa pande zote mbili. Hakuna aliyemwona. Mto ulikuwa umejaa, maji yamekuwa rangi ya matofali, yanabeba miti mizima. Nilisimama kwenye daraja nikayatazama kwa muda. Kisha nikajiambia kwamba mtu aliyevuka kabla ya mvua angevuka vizuri, naye sasa yuko ndani zaidi, mahali pasipo na mtandao wa simu. Ndoto na bibi wa uji walikuwa wamesema kitu kimoja. Nikageuza gari nikazuie mazishi.

Kiminini

Nilipita Kitale bila kushuka. Kiminini mkanda wa feni ulikatika, maji ya rejeta yakachemka mbele ya maduka. Fundi mkubwa kama mimi nimesimama kando ya barabara na mvuke unanipanda usoni. Na hakukuwa na duka lenye mkanda wa saizi yangu.

Sardar mmoja, Kalasinga mwenye kilemba cha buluu, alisimamisha lori lake la mbao. Nilifurahi. Nikamsalimia kwa Kihindi safi cha Pune, nikamweleza shida yangu yote, mpaka habari ya mkanda na rejeta.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mulembe," akasema, kwa Kibukusu cha mtu aliyelelewa Bungoma. "Nyumbani kwangu ni Kipunjabi, sokoni ni Kibukusu. Hiyo Kihindi yako bana, peleka sinema."

Wauza nyanya walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilicheka, ingawa baadaye kidogo. Sardar alikuwa na mkanda mzee nyuma ya kiti, ukaingia kwa kubembelezwa. Tulipokuwa tunaukaza, mikono yetu imejaa grisi, aliniuliza nakimbilia wapi, nikamwambia habari ya Simiyu na kaseti.

"Mama yangu akiota vibaya anafungua bomba," alisema. "Anaambia maji, maji yanaenda nayo. Wewe unaweka? Ya nini?"

"Hii ni ndoto nzuri."

Alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Sawa, ndugu. Nenda pole pole, mkanda ni mzee."

Naitiri

Nilifika nyumbani Ijumaa mchana. Turubai lilikuwa limeshafungwa kwenye miti, viti vya kanisa vimepangwa, masufuria makubwa yameinamishwa kwenye majani. Vijana walikuwa wamezama hadi shingoni ndani ya shimo. Mama hakuwa pamoja na watu. Alikuwa amekaa jikoni, mtoto wa Simiyu mapajani. Macho yake yana ukungu siku hizi. Watu huwajua kwa hatua na kwa sauti.

"Huyo ni Wafula," alisema kabla sijaongea. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, mayi. Lakini yuko hai."

Baba mdogo Wanyonyi alikuwa mlangoni amesikia. "Nani amemwona?"

"Ameonekana akienda mtoni na mzigo. Na mimi nimemwona ndotoni vivyo hivyo kabla ya kuambiwa."

"Huyo wa mtoni alionekana miezi mingapi iliyopita?"

Sikupenda alivyoniuliza mbele ya watu, mimi ninayelipia turubai. Nikasema nitawasikilizisha wenyewe. Betri za kinasa sauti zilikuwa zimekufa Endebess, kwa hiyo nikaitia kaseti kwenye redio ya pikapu. Mnazijua spika zangu. Nikafungua milango yote miwili nikapandisha sauti ili hata waliokuwa shimoni wasikie.

Mimi nikiamka huongea Kibukusu. Lugha nyingine huja baadaye. Na mimi na Simiyu tulichukua koo la baba. Kwenye simu hata Nekesa alikuwa akitukosea. Sauti iliyotoka kwenye pikapu ilikuwa nzito, ya mtu aliyelala vibaya, na ilisema hivi:

"Mimi ni Simiyu. Nimesimama kwenye maji. Baridi imenishika miguu, siisikii tena. Mzigo wangu haujaloa. Mwambieni mayi nipo."

Nekesa alikuwa amebeba sinia la vikombe. Aliliweka chini polepole sana, akakaa kando yake. Vijana walitoka shimoni mmoja baada ya mwingine. Mama alitoka jikoni akipapasa ukuta, akaja moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa gari, akaweka kiganja juu ya spika.

"Simiyu," alisema. "Uko wapi, papa, mwanangu?"

Baba mdogo alinijia karibu. "Hiyo ni sauti ya nani?"

Watu wote walinitazama. Wangapi pale wangeelewa njia ya Pune, kuingia ndani ya mtu na kusema kwa kinywa chake? Nikamjibu, "Umesikia mwenyewe jina alilotaja."

"Si ameongea," jirani mmoja alisema nyuma yangu. "Ati yuko majini. Harafu tunamzika?"

Turubai likafunguliwa. Viti vikarudi kanisani. Jioni ile shimo lilifunikwa kwa mabati ili ng'ombe wasitumbukie. Nilikuwa nimekuja kusimamisha mazishi, na mazishi yalisimama. Nililala vizuri, sikuota kitu.

Naitiri hadi Bungoma

Nilipoamka mama alikuwa ameshavaa. Alikuwa amemchinja jogoo wake, amempika, amemfunga kwenye jani la mgomba na kitambaa juu.

"Baridi ile ni ya hospitali," aliniambia. "Waliotoka mlimani wamejeruhiwa wanapelekwa Bungoma. Twende."

Ningesema ukweli hapo. Lakini Nekesa naye alikuwa amesimama kando ya gari, mtoto mgongoni, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Nikawasha gari.

Njia ilikuwa ndefu kuliko ilivyo. Kabla ya Webuye daraja dogo lilikuwa limekatika, tukangoja wanaume wapange magogo. Mwanamke mmoja alituuzia viazi vitamu vya kuchemsha. Alipoona furushi la mama alimtania, "Mama, unapeleka jogoo kwa mkwe?"

"Napeleka kwa mwanangu," mama alisema. "Firigisi ni yake. Asiguse mtu."

Yule mwanamke alitupa kiazi cha nyongeza kwa furaha.

Tulipovuka, mama alisinzia. Nekesa akaegemea mbele. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama barabara.

"Shemeji, mtu asiyesikia miguu yake ni mzima?"

"Ni lugha ya ndoto."

"Lugha ya ndoto," alirudia. Kisha akasema, "Simiyu hasemi 'nipo'. Akinipigia husema 'mimi huyu'."

Aligeuka akamfunika mtoto vizuri, na uso ule uliokuwa umefunguka ukafunga. Alijua kuanzia hapo, na hakuniumbua mbele ya mama yangu. Hilo sitalisahau.

Bungoma

Tulizunguka wodi za wanaume zote. Mama alishika mkono wa Nekesa, akawa anasimama kwenye kila mlango na kusema, bila kupaza, "Simiyu wa Naitiri." Wagonjwa waligeuza vichwa. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji kifuani aliitika, "Naam," kisha akalia kwa sababu hakuwa yeye aliyeitwa. Muuguzi alitafuta, akarudi akatikisa kichwa.

Niliwaacha kwenye benchi nje nikaenda peke yangu nyuma, mahali ambapo nyinyi msio na kazi kama yangu hamjui mlio wake. Mimi naujua. Kompresa ya chumba cha maiti husikika tangu nje, na ile ilikuwa inahangaika, gesi imepungua. Nimeingia vyumba vya namna hiyo mara nyingi na sanduku la vifaa, na sijawahi kutazama kitu kingine ila bomba na waya. Siku ile mhudumu alinifunulia waliotoka upande wa mlima, akafunika, akafunua. Simiyu hakuwamo. Wengine nilishindwa kusema kwa sura kama ni yeye au si yeye, nikatazama urefu na miguu. Miguu yao ilikuwa na tope lililokauka. Hakuna aliyekuwa ameiosha.

Nilitoka. Nikasimama kwenye jua na bado nilikuwa nasikia baridi ile kwenye nyayo. Kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama maji ya ndoto yangu yalikuwa mto wa kuvuka au mto wa kubaki. Sijapata jibu mpaka leo, na mimi si mtu wa kukosa jibu.

Mama aligeuza kichwa aliposikia viatu vyangu. "Hayupo?"

"Hayupo, mayi. Turudi nyumbani."

"Rudini nyinyi. Mimi nitakaa hapa." Alipapasa benchi kama mtu anayekagua kitanda. "Amesema yupo. Akitoka huko alipo atapita hapa. Mniachie jogoo na shuka."

"Mama, hapa si mahali pa kukaa," Nekesa alisema.

"Mtu akikuita unaondoka? Ameniita kwa gari, watu wote wamesikia."

Nilikaa chini mbele yake, kwenye saruji, na suruali yangu ya safari.

"Mayi, ile sauti ni yangu."

Aliinamisha sikio kwangu.

"Niliota. Nikiamka husema ndoto kama aliye ndani yake. Ni mimi niliyesema. Simiyu hakusema kitu, hata ndotoni. Alinitazama tu."

"Sema tena," aliniambia.

"Ni mimi niliye..."

"Si hayo. Yale ya kwenye gari."

Watu walikuwa wakipita na wagonjwa wao. Nikafumba macho nikasema yote, kuanzia maji hadi "mwambieni mayi nipo". Mama aliweka kiganja kwenye koo langu, kama alivyokiweka kwenye spika, akakiacha pale mpaka nilipomaliza.

"Basi ni wewe," alisema.

Nekesa alikuwa amegeukia ukuta. Kisha mama alifungua furushi mapajani, akapapasa ndani ya jani, akaitoa firigisi na kunyoosha mkono.

"Kula."

"Mayi, si ni ya..."

"Nimempikia mwanangu. Kula."

Niliila. Ilikuwa imepoa na mafuta yameganda. Nyama iliyobaki mama aliwagawia watu wa benchi lile, nao walimshukuru wakimwombea mgonjwa wake apone. Aliwaitikia kila mmoja, "Amina."

Tulipofika kwenye gari, alisema, "Mwambie Wanyonyi akate mgomba."

Kurudi Naitiri

Majina ya Endebess nimemwachia kasisi wa pale, pamoja na kaseti yenyewe. Alisema atajua watu wa kuwapelekea. Wengine mmeniuliza kama bado nahifadhi ndoto. Nahifadhi. Ni njia nzuri, na mtu hatupi chombo kwa sababu kimemkata. Ila siku hizi nasema "niliona".

Mazishi yalifanyika bila spika. Asubuhi nilikwenda na baba mdogo kwenye migomba iliyo nyuma ya choo cha zamani. Hakunisema kwa lolote. Alichagua shina lililonyooka, akalipiga panga chini, likaanguka polepole na maji yake yakatumwagikia miguuni. Tulilisafisha majani, tukalisimamisha tena. Lilikuwa refu mno.

"Simiyu alikuwa anafika wapi?" aliniuliza.

Nilifikiri jinsi ya kumwonyesha kwa mkono, kisha nikaona hakuna haja. Tulikuwa wa kimo kimoja, tunabadilishana suruali tangu utotoni. Nikavua viatu, nikasimama kwenye tope, mgongo wangu umeegemea shina, visigino vimekaza. Shina lilikuwa baridi.

"Usisogee," baba mdogo alisema.

Akaweka panga juu ya utosi wangu, akalitia shina alama.